Klachi ya Mwiti

Mutegi wa Runyenjes alikuwa fundi wa pikipiki asiye na adabu, na watu walimpenda kwa hilo hilo. Ukimpelekea pikipiki ukajifanya hujui iliharibikaje, alikutazama kutoka kofia hadi kandambili, kisha akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema ulibeba nini." Na mtu alisema: magunia mawili ya viazi, mbuzi, na mama mkwe juu yake.

Klachi ndiyo iliyompa jina. Wengine walikimbilia kufungua nati. Yeye alianza kwa mkono wa kushoto. Aliubana mkono wa klachi taratibu, akipima ulegevu wake kwa kidole. Kisha alitia gia ya kwanza, akabana klachi, akaisukuma pikipiki ikiwa imezimwa. Ikikataa kusogea, alijua pleti, zile sahani za ndani ya klachi zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, zimeshikana. Mwisho aliipeleka kwenye mlima wa nyuma ya soko, gia ya tatu, akivuta moto, yaani mafuta, hadi mwisho. Injini ikipiga kelele na gurudumu lisiongeze mwendo, hukumu ilikuwa moja: klachi inateleza, pleti zimekwisha. Hapo hakumwogopa mtu. Alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya walimu wake, kwamba ameuziwa mzoga.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ulimi wake ulitiwa kufuli, napo ni ukweni. Mkewe, Kathambi, alitoka Kanyakine, Meru, na baba yake Kathambi alikuwa Mzee Bundi, mzee wa kanisa, mtu wa kanuni aliyenyooka kama mlingoti. Kwa mzee yule mkwe alikaa alipoonyeshwa, akala alichopewa, na hakuikosoa mali ya mji ule hata kama ni kuku mwenye mguu mmoja. Hivyo ndivyo Mutegi alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyofanya.

Mwaka wa 2011 Mzee Bundi alimnunulia mwanawe, Mwiti, pikipiki kuukuu ya mradi wa maji uliofungwa: ile ndefu yenye matairi ya meno, iliyotengenezwa kwa njia za matope. Mwiti, kaka yake Kathambi, alikuwa amewahi kunywa pombe hadi kulala mitaroni, kisha akaokoka. Miaka miwili hakuwa ameonja tone. Pikipiki ilikuwa ya kumsimamisha tena kati ya watu, abebe ndizi na abiria, aoe.

Siku ya kuiombea, uwanja ulijaa. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wanakwaya wamevaa sare, pikipiki imefungwa utepe. Mzee Bundi akamwita Mutegi mbele ya wote.

"Mkwe wangu ni fundi. Hebu jaribu hii mashine watu waone."

Mutegi aliipandisha mlima wa nyuma ya boma na hakufika hata nusu. Injini ilinguruma, gurudumu likasinzia. Alisimama mahali ambapo watu hawakumwona, akafungua kifuniko cha oili, akanusa. Oili ilinuka kama githeri iliyoungua chini ya sufuria. Nadhani hata wewe msomaji ungejua la kufanya. Yeye alitoa spana mfukoni akailegeza kebo kidogo, pleti zikapata nguvu kidogo za kushikana, na pikipiki ikapanda mlima uliobaki vizuri kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Iko sawa, shemeji?" Mwiti aliuliza, macho yanang'aa.

Mutegi alimtazama Mzee Bundi, akamtazama mchungaji aliyekuwa tayari na Biblia.

"Iko sawa. Ni mashine."

Aliapa moyoni kwamba atamwambia Mwiti faraghani, kabla ya kuondoka. Lakini Mwiti hakuachwa peke yake siku nzima, na jioni ikafika. Aliapa kwamba atapiga simu. Alipiga, wiki ya pili, akasema, "Usibebe mzigo mzito sana, shemeji." Mwiti akacheka, akamjibu kwamba mzigo ndio ugali wake. Mutegi akacheka pia. Mwoga akishapata sababu ya kucheka hana haja ya kusema zaidi.

Wiki ya tano, saa nne asubuhi, Mwiti alikuwa akipanda mlima na mikungu ya ndizi. Akatoka nyuma ya lori ili alipite. Gari likaja kutoka juu.

Mutegi alipofika Kanyakine, Kathambi akiwa ametangulia, alikuta msiba wenye aibu juu yake. Walioshuhudia walisema kitu kimoja: pikipiki ilisikika ikinguruma kama imepandwa na kichaa, halafu mgongano. Wakamalizia wenyewe kwamba Mwiti alirudia chupa. Kanisa lile halikuwaimbia walevi makaburini, na aliyesimamia kanuni hiyo miaka yote alikuwa Mzee Bundi mwenyewe. Sasa alikaa kwenye kiti cha mbao, mikono magotini, akisema mwanawe atazikwa bila wimbo kama walivyozikwa wana wa wengine.

Mutegi alisikia neno moja tu katika yote hayo: ilinguruma. Pikipiki iliyokimbizwa na mlevi hunguruma na kwenda. Hii ilinguruma ikabaki pale pale, kando ya lori. Angeweza kunyamaza tena, na hakuna mtu chini ya jua angemjua.

Alienda nyuma ya ghala walikoiweka ile pikipiki, akafungua ubavu wa injini, akarudi na pleti mikononi. Zilikuwa nyeusi, laini kama kioo.

"Baba, hakunywa," alisema. "Klachi iliteleza. Alivuta moto ili apite lori, na pikipiki ikakataa kwenda. Ile kelele ni hii."

Mzee Bundi alizipapasa pleti muda mrefu. "Hii ilianza lini?"

"Ilikuwa hivyo siku ya maombi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Baba. Niliona haya kusema."

Mutegi alingoja tusi, alingoja hata fimbo, na angevipokea kwa furaha. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akalia. "Umenirudishia mtoto wangu," alisema. "Asante."

Mwiti alizikwa kwa nyimbo, kwaya nzima. Mzee Bundi alisimama kaburini akatangaza kwamba mwanawe alikufa akiwa na akili timamu. Akamtaja mkwe wake kwa jina na kumshukuru mara ya pili, na Mutegi akatamani udongo ule umfunike yeye.

Watu walipotawanyika, alimngoja Kathambi langoni waende nyumbani. Kathambi alitoka bila mkoba, akiwa na koti la mumewe mkononi. Akampa.

"Baba ulimwonea haya, sawa," alisema. "Mwiti alikuwa na watu, sawa. Si ungeniambia mimi? Mimi si mkwe hapa. Mimi ningempigia Mwiti simu usiku huo huo."

Mutegi alilivaa koti, akatoka langoni peke yake. Wiki zote tano walikuwa wamelala kitanda kimoja.