Mwana wa Rusagara

Karani wa dirisha la pili pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale hufunika mkono kwa kitenge kila anapoandika neno lake la siri, midomo ikichezacheza kama anayesali. Kompyuta yake inajua wanapolala watu waliokimbia wauaji. Jana Jumapili, yeye akiwa misani, mtu aliifungua kwa jina la karani. Leo fundi amekuja kutoka Mbarara.

"Nyabo, mama, hii pasiwadi nani anajua?"

"Hakuna mtu. Niliweka jina la kilima chetu cha Burundi, basi."

Mzee wa mbele kwenye foleni anaingiza kichwa dirishani, anamsalimu kwa jina la kilima chake, kama Warundi wote wamsalimuvyo: "Amahoro, mwana wa Rusagara!" Karani anaitazama foleni, uso baada ya uso, na kila uso unamtabasamia.