Makopo Saba Yasiyo na Majina

Mimi nashona viti vya magari. Kazi yangu hainilazimishi kuinua kichwa mara kwa mara, ila mashine yangu imekaa kwenye pengo la ukuta, na upande wa pili wa pengo hilo kuna banda la mtu tunayemwita Makopo. Kwa miaka kumi na minne nimemwona yeye kuliko nilivyowaona ndugu zangu wa tumbo moja. Ninayoyasimulia nimeyaona mwenyewe. Machache niliambiwa na mkewe, ambaye namwita wifi, na ambaye hawezi kutunza siri hata ikiwa ni yake.

Usimwambie Makopo kwamba anang'arisha magari. "Kung'arisha hata mate yanang'arisha," atakujibu. "Mimi natunza rangi." Katika uwanja wetu gari huanza kwa fundi wa bodi, linakwenda kwa mpiga rangi, linapita kwangu kama viti vimechakaa, na yeye ndiye wa mwisho kuligusa. Hilo lilimpa majivuno kidogo. Alikuwa mwembamba, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za karani. Tangu aingie kazini hajawahi kuvaa mkanda wenye chuma, asije akainama juu ya boneti akaikwaruza. Suruali yake aliifunga kwa kamba, na kwa kamba hiyo tulimtania mpaka tukachoka.

Desturi ya watunza rangi ni kuficha. Dawa ikinunuliwa tu, inamiminwa kwenye chombo kingine, na chupa yake inakwenda jalalani ikiwa imebanduliwa karatasi. Mteja akiliona jina atainunua mwenyewe, na siku ya mapumziko ataliharibu gari lake kwa mikono yake. Wengine huandika namba za siri kwenye vifuniko. Makopo aliona hiyo ni tabia ya watu wasiojiamini. Alikuwa na makopo saba ya maziwa ya unga, yote ya ukubwa mmoja, yamekwanguliwa hadi yakabaki bati tupu, bila hata alama ya msumari.

Aliyajua kwa pua. Dawa ya kukata mikwaruzo ilinuka mafuta ya taa. Krimu ya kulainisha, ambayo haikati chochote bali inasafisha rangi na kuilisha mafuta, ilinukia sabuni ya kuogea. Dawa ya kuziba ilichoma pua. Nta yenyewe ilinukia ndizi mbivu, na zaidi ya mara moja nimemkuta ameifungua bila kazi yoyote, anainusa tu. Yaliyobaki yalikuwa la matairi, la plastiki, na la nta ya bluu ya kufichia madoa kwenye magari ya bluu, ambayo aliidharau na kuitumia kwa nadra sana.

Ujuzi wake ulikuwa katika kujua nini kinaelewana na nini. Gari jipya aliliosha, akalipitisha udongo laini unaonasa vumbi lililojishika kwenye rangi, akalifuta kwa spiriti, akapaka dawa ya kuziba, na nta juu yake baada ya saa kadhaa. Ukianza na nta, dawa ya kuziba haipati pa kushika. Gari la zamani alilipa krimu na nta, basi, kwa sababu dawa ya kuziba haikai juu ya mafuta ya krimu. Na gari lililotoka kupigwa rangi mwezi huo alilirudisha mlangoni, hata mwenye gari apige magoti, kwa kuwa rangi mbichi inataka kupumua kwanza. Siku moja alikuja bwana aliyejipakia nyumbani nta ya kila kitu, ile yenye chembechembe za kusugua ndani yake, juu ya kazi ambayo Makopo aliifanya wiki iliyotangulia. Akalalamika kwamba mng'ao umeondoka. "Umeuondoa wewe, kaka," Makopo akamwambia. "Umenitengua kwa sponji."

Kisha akaugua mafua. Si ya kutisha, ila yalimlaza siku kumi na moja. Aliporudi alikuwa amepungua, anatania kama kawaida, na sote tukaona amepona.

Siku ya tatu baada ya kurudi nilifungua debe jipya la gundi. Gundi yangu ni kali, na kila nikiifungua Makopo hupiga kelele kwamba namuua. Siku hiyo alikuwa ameegemea ukuta, hatua mbili kutoka kwenye debe, anakunywa chai. Hakusema kitu. Nilimwangalia, naye akaliona debe, akaniangalia. Akamaliza chai yake, akaondoka. Keshoye wifi alipita kunisalimia akanisimulia huku akicheka jinsi mumewe alivyokaa jikoni na gazeti mpaka mboga ikawa mkaa mbele yake. Aliona ni uvivu wa wanaume. Mimi sikucheka.

Ningeweza kumwambia neno. Nilijiambia kwamba ni mambo ya mtu na mwili wake, na kwamba pua itarudi yenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa na viti vya basi zima vya kumaliza, na kumwambia mtu mzima, mwenye miaka hamsini na saba, kwamba umemgundua ni kazi ninayoikwepa. Basi nikashona.

Alijitahidi. Aliyapanga makopo kwenye rafu kwa mfuatano, la kukata mwanzoni kushoto, la krimu likifuatia, la matairi mwisho kulia, akawa anatumia na kurudisha palepale. Wiki tatu zikapita hivyo, magari yakatoka mazuri, mimi nikaanza kuamini kwamba nilifanya vizuri kunyamaza.

Mwalimu alileta gari lake siku ya Jumatano. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na gari lake dogo la bluu iliyoiva lilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, likiwa bado na rangi yake ya kiwandani. Marehemu mumewe alilitunza kama yai, na baada ya kifo chake Mwalimu akawa anampa Makopo kazi hiyo mara moja kila mwaka, kama mumewe alivyousia. Kwa rangi ya zamani namna hiyo hakuna tabaka la juu la kuikinga, hivyo kila ukifuta, kitambaa kinatoka na bluu kidogo. Makopo alikuwa amemweleza mapema: rangi hii imebaki nyembamba, haitakatwa tena maisha yake yote, ni krimu na nta tu. Mwalimu alikuwa ameitikia kwa kichwa na kumwachia funguo.

Asubuhi ya Alhamisi fundi wa bodi alikuwa akigonga mlango wa lori upande wa nyuma wa banda. Rafu ikatikisika, makopo mawili ya mwanzo kushoto yakaanguka, bahati nzuri vifuniko vikiwa vimekaza. Makopo aliyaokota, akayashika moja mkono huu na jingine mkono ule. Aliyafungua. Ndani ya yote mawili mna dawa nyeupe, nzito, inayofanana. Alisugua kidogo kati ya vidole, lakini dawa za siku hizi zimesagwa laini kama poda, hazisemi kitu kidoleni. Halafu akainamisha pua kwenye la kwanza, akakaa nayo humo muda mrefu, akahamia la pili, akakaa vilevile. Niliyaona yote hayo. Mguu wangu ulikuwa umetulia juu ya kanyagio la mashine. Akachagua moja, akachota, akawasha mashine yake ya kusugulia.

Kitambaa kilitoka na bluu, kama kawaida ya gari lile, kwa hiyo hakushtuka. Alipofika kwenye mkunjo wa katikati ya boneti, pale ambapo rangi huwa nyembamba kuliko pote, alizima mashine ghafla. Nilinyanyuka. Palikuwa na mstari wa kijivu, urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya chini imetokeza mchana kweupe.

Hakutukana wala hakupiga kitu. Aliweka mashine chini taratibu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mpiga rangi alifika akiwa bado na kinyago shingoni, akatazama, akapiga mluzi. "Mbona kitu kidogo hicho, Makopo? Nachanganya bluu yangu, napuliza hapo, dakika ishirini kwisha habari."

"Itaonekana mpya."

"Kwa nani? Mama mzima yule anaona nini?"

Mpiga rangi alipoondoka, Makopo aliinuka akachukua kopo la nta ya bluu, ambalo halihitaji pua kulijua, akapaka juu ya mstari mara mbili, akafuta, akapaka tena. Kisha akalimalizia gari lote kwa nta ya kawaida, kwa mkono, kivulini, kwa ustadi uleule wa siku zote. Mchana ule gari lilipendeza. Doa usingeliona hata ukijua lilipo. Lingejionyesha baada ya kuoshwa mara tatu au nne, na hapo nani angekumbuka lilianzia wapi.

Mwalimu alifika Ijumaa saa nne, amevaa viatu vya raba na mkoba wake begani. Alilizunguka gari bila haraka, kama anayepita kati ya madawati. Akasimama mbele ya boneti na kuweka kiganja chake juu yake, sentimita chache kutoka kwenye mkunjo.

"Asante, fundi," alisema. "Mume wangu aliniambia kwako nisiulize maswali."

Makopo alichukua kitambaa safi, akakilowesha spiriti, akamkabidhi. "Mwalimu, tafadhali futa hapa."

"Kwani pana nini?"

"Futa tu, Mwalimu."

Alifuta. Kitambaa kiligeuka bluu, na mstari wa kijivu ukatoka mzima. Mwalimu aliugusa kwa ncha ya kidole.

"Lini?"

"Jana. Nimetumia dawa ya kukata nikidhani ni krimu. Halafu nikakufichia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa akizungumza na boneti. "Sinusi kitu, Mwalimu. Tangu niugue. Makopo yangu hayana majina, nilikuwa nayajua kwa harufu."

"Yote?"

"Yote, isipokuwa mawili matatu."

"Na umeendelea kufanya kazi za watu."

"Nimeendelea."

Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili, apige kelele au amsamehe, maana ndiyo niliyoyazoea. Mwalimu hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua mkoba wake, akatoa miwani, kalamu ya wino mzito na kipande cha plasta nyeupe ya vidonda. "Niletee," alisema.

Makopo aliyapanga makopo saba juu ya benchi. Mwalimu alifungua la kwanza na kunusa. "Mafuta ya taa."

"Hilo ndilo la kukata."

Alikata plasta, akaandika KUKATA kwa herufi za ubaoni, akabandika kwenye kopo, akaandika nyingine akabandika kwenye kifuniko. "Hili litakuwa na mbili," alisema. Akafungua la pili. "Sabuni." Akaandika KRIMU. Lililofuata lilimfanya apige chafya, na Makopo akasema, "Kuziba," naye akaandika. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, yeye ananusa na kutaja harufu, mwenzake anataja jina. Lile la nta alilikaribisha puani mara mbili kabla ya kuandika. Hakuna aliyecheka. Fundi wa bodi alikuwa ameacha kugonga.

Alipomaliza alifunika kalamu yake na kuirudisha mkobani.

"Gari hili silileti tena, fundi."

"Naelewa, Mwalimu."

"Hayo nimeandika kwa ajili ya magari ya watu wengine." Alichukua funguo benchini. "Rangi iliyobaki hapa ni kidogo, na ndiyo ileile aliyoishika mume wangu. Sitaweza kukaa nyumbani nikijua ipo mikononi mwa mtu mwingine."

"Niruhusu basi nizibe huo mstari, usije ukashika kutu."

"Nitauziba mwenyewe. Nta nimeshaijua kwa harufu." Kisha akatupa macho uwanjani, kwa mpiga rangi, kwa fundi wa bodi, na kwangu kwenye pengo la ukuta. "Wiki zote hizo. Na mko hapa kutwa nzima, bega kwa bega. Hakuna aliyejua?"

Makopo hakugeuka kunitazama. Alikuwa anazipangusa kucha zake kwa kitambaa.

"Hakuna, Mwalimu," alisema. "Nilificha vizuri."

Alikuwa amekuja kusema ukweli wote asubuhi ile, na ameusema, na kipande kimoja cha uongo alichokibakiza alikitumia kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote alijua kuwa najua, na kwamba labda alikuwa akisubiri nimwambie. Nilijisikia aibu mpaka masikioni. Mwalimu alikuwa bado amesimama, mlango wa gari uko wazi, na nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nilikanyaga mashine, nikashona.