Nilichomoa batri ya mama yangu katikati ya dot ya mudogo ya bwana yangu

Admin, weka hii lakini jina yangu usitaje. Na wale wa Bukavu wenye watanitambua, munitambue na munyamaze.

Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na saba, mama ya watoto wawili, ninafanya kazi ya bureau, ya ofisi, tunaishi Kadutu. Niko na bwana wa ndoa ya kanisa. Tangu mwaka jana mama yangu muzazi anaishi kwetu juu mapafu yake imeharibika. Maisha yake yote alikuwa anakausha samaki kwa moshi, na docteur alisema ni ile moshi. Sasa anapumua na mashini ya oksijeni, mupira kwa pua. Ile mashini inataka courant, umeme, kila saa, na courant ya hapa kwetu munaijua, inaenda bila kuaga.

Ndiyo maana mimi na kaka zangu tulimununulia batri ya kubeba. Haiko kubwa, inalingana na bidon ndogo ya mafuta, iko na mukono juu na prise ya kuchomeka mbele. Courant ikikatika, mashini inaendelea. Na mama alianza tena kutoka inje! Namuweka kwa kiti kwenye lupango, uwanja wa nyumba, batri karibu na miguu yake, anachambua maharagi na kugombeza watoto. Siku moja tulifika naye mpaka kijiji cha Miti kusalimia mudogo wake. Alilia njia yote ya kurudi, lakini ilikuwa furaha.

Bwana yangu hakuipenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anasema, "Kitu iko mu nyumba yangu na mimi siwezi kuigusa?" Alichomeka televizyo humo, nikachomoa. Belle-mère yangu, mama ya bwana, akasikia, akaniambia mbele ya wageni, "Wewe uliolewa na mutoto wangu ama uliolewa na mama yako?"

Sasa ile siku ya samedi, jumamosi, ilikuwa dot, sherehe ya mahari, ya mudogo ya bwana yangu, binti wa mwisho kwao, kule Mumosho. Mimi nilienda kwanza répétition ya chorale, mazoezi ya kwaya, nikapanga kufika kwa dot saa ya kula. Kumbe nyuma yangu, bwana na kaka yake walibeba batri ya kuwashia baffle, zile spika za muziki. Jenereta inafanya makelele, eti itawapatisha haya mbele ya wakwe. Courant ilikuwako ile asubuhi, basi wakaona mama atabaki sawa.

Saa sita courant ikaenda.

Jirani yangu ndiye alinipigia. "Maman, kuja mbio, muzee mwanamuke anageuka rangi." Nilikuta mama ameshikilia mulango kwa mikono mbili, midomo ya bleu, kifua inapanda na haishuki. Tulimubeba kwa taxi mpaka centre de santé, wakamuwekea oksijeni. Mwenye alimupokea alisema tungekawia kidogo tu, tungekuja kuomba jeneza. Kupumua kulipomurudilia, nilimuuliza sababu gani alikubali wabebe batri. Akasema, "Mukwe wangu aliniomba. Ningemukatalia na kinywa gani?"

Hapa ndipo iko kosa yangu, na sitaificha. Mama alikuwa amepona tayari. Ningengoja dot iishe. Batri ile saa haikuwa na kazi yoyote kule centre, courant yao ilikuwa inatoka kwa jenereta yao. Lakini nilipanda moto, pikipiki, mpaka Mumosho na nguo ya jasho, kichwa wazi, na sikuenda kutafuta batri. Nilienda kuwapatisha haya.

Nilifika muzee wa wakwe ameshika mikro, anaomba binti. Nilipita katikati ya watu, nikachomoa baffle, sauti yake ikafia hewani. Belle-mère akasimama: "Uko na wazimu?" Nikasema kwa nguvu, kila mutu asikie, "Munacheza ngoma na pumzi ya mama yangu!" Nikageukia wakwe: "Muoe huyu binti wao, mutaona, hata mama yenu watamuua muchana!" Bwana yangu akanishika mukono. Nikamutemea mate kwa viatu. Nikabeba batri kichwani, nikatoka.

Ile familia ya kijana mwenye alikuja kuoa iliinuka bila kula. Mpaka leo wanasema wako wanafikiri.

Bwana hajauliza mama iko aje, hata mara moja. Ameniletea masharti ya kwao: nipige magoti mbele ya belle-mère na nilete mbuzi, ama mama yangu atoke mu nyumba yake mbele ya mwisho wa mwezi. Nilimwambia, "Mbuzi munitolee nyinyi." Akajibu, "Basi fungasha vitu vya muzee wako." Tangu hapo tunalala kitanda moja kama watu wawili wa kesi. Mimi simusamehe, na yule mama yake simupigii magoti hata akiita mapadri wote wa diocèse.

Lakini kuko yule binti. Hakujua batri ilitoka wapi. Alikuwa amevaa pagne yenye mimi mwenyewe nilimushonesha, na nilipotoka alikuwa ameziba uso na mikono. Juzi alinitumia ujumbe. Nilizani ni matusi. Aliandika tu, akiniita yaya kama dada yake mukubwa: "Yaya, maman anapumua vizuri?"

Ni yeye peke yake kwao ameuliza. Na ni yeye peke yake nilimuharibia.

Siku mbili simu iko mukononi na sijamujibu. Nikienda kumuomba msamaha kule kwao, mama yake atasema nimepiga magoti. Nikinyamaza, atazani nilimulenga yeye. Nyinyi wenye munasoma, mungekuwa mimi, mungemujibu nini?