Mtandio wa Sanuber

Mchezo maarufu wa Kiazabajani wa nyimbo na vichekesho, juu ya mchuuzi wa vitambaa anayetafuta mchumba, umetengenezewa filamu mara kadhaa, lakini Bibi Sanuber hungoja moja tu, ya zamani, inayorudiwa runingani Baku kila Novruzi, sikukuu ya mwaka mpya. Alikuwa bi harusi wa miezi miwili alipochukuliwa kuigiza humo kama mmoja wa wasichana wa uani. Mchuuzi alipoingia akiimba, wenzake walicheka; yeye akaziba uso kwa mtandio, maana baba mkwe wake alikuwa miongoni mwa wapiga muziki.

"Bibi, ungekuwa staa wewe!" mjukuu humtania.

"Nyamaza! Mbele ya mkwe?"

Picha nyingine ya ujana wake hana. Mwaka huu filamu imetiwa rangi, mtandio ukawa mwekundu. Sanuber akagusa kioo cha runinga kwa kidole chenye unga.

"Ushushe, mwanangu," akamnong'oneza yule msichana wa kiooni. "Mzee alishakufa."