Tairi Lisilo na Upepo

Fundi pancha wa pale njia panda walimwita Nusu Sikio, na si kwa mapenzi. Nusu ya pili iliondoka na tairi la lori lililopasuka enzi za ujana wake, pamoja na meno mawili na roho ya bosi wake. Tangu hapo akawa mtu wa mkono mwepesi: ukisogelea tairi analolijaza, unakula kofi kwanza, maelezo baadaye. Watoto wa shule ya jirani somo la hewa walilipata kwa mashavu.

"Hewa ukiibana halafu ukaipasha moto, inatafuta mlango," aliwaambia. "Ikiukosa, inautoboa. Hata kwenye paji lako la uso."

Siku hiyo dereva wa lori alileta gurudumu lenye ringi iliyopata ufa. Alilipeleka banda la pili, kwa mdogo wake Nusu Sikio, fundi wa kuchomelea, mtu mwenye haraka kama aliyebanwa na haja. Mdogo mtu akatoa upepo wote, akawasha mashine, tairi likiwa bado kwenye ringi.

"Vua tairi kwanza," Nusu Sikio akamwambia.

"Kaka, upepo nimeshatoa. Kitapasuka nini, kichwa chako?"

"Ringi ikipata moto, mpira utaungua kwa ndani. Ukiungua unatoa gesi. Hako katundu ka upepo hakatoshi kuipitisha."

"Choma bwana, nina safari," dereva akasema. "Huyu mzee anaogopa mpaka kivuli."

Mdogo mtu akainama. Nusu Sikio alimshushia spana ya magurudumu kwenye mkono, mfupa ukalia kama kuni kavu. Dereva akamrukia, wakabingirishana kwenye grisi, ngumi na magoti, mpaka jicho moja la Nusu Sikio likafunga kabisa.

"Nitachoma mwenyewe," dereva akasema, akitema damu.

Nusu Sikio hakuwa na nguvu za raundi ya pili. Zilizobaki alimburutia mdogo wake nyuma ya ukuta wa matofali.

"Mkono wangu wa kazi, hayawani wewe! Mama atasikia."

"Mwambie."

Ukuta ukatikisika, mabati yakaruka, kitu kizito kikadunda barabarani. Dereva walikuja kumkusanya kwa turubai.

Mdogo mtu alichungulia pale alipokuwa ameinama kuchomelea. Hapakuwa na banda.

"Kaka," akasema taratibu. "Niinue."

"Inuka mwenyewe. Miguu sijaivunja."