Proje Italipa Nyumba, Lakini Mwenye Nyumba Atajua Ugonjwa wa Binti Yangu

Admin, ufiche jina yangu, hapa mutaani wengi wanasoma page hii. Niko mama wa miaka makumi mbili na mbili, nilisoma primaire tu, munisamehe makosa. Tulikimbia vita kutoka Buleusa, mimi, bwana yangu na binti yetu wa miaka ine. Sasa tunapanga chumba hapa Masisi kwa mama mumoja mujane. Bwana yangu anabeba mizigo sokoni. Siku ingine anarudi na unga, siku ingine mikono mitupu.

Mama mwenye nyumba ni muntu mwema. Akipika maharagi, anaita binti yangu akule sahani moja na watoto wake. Anamubeba mugongoni mpaka shambani, anamutania "muke mwenzangu".

Kitu hajui ni kwamba binti yangu iko na kifafa. Inamushika asubuhi, mbele ya kuamuka. Namulaza kwa ubavu, kisha naimba kwa sauti ili mama asisikie vile mutoto anakoroma. Yeye anaambia majirani kwamba niko muntu wa maombi.

Muganga wa hospitali alitupatia vidonge, na alisema kifafa haiambukize. Lakini siku moja mutoto wa jirani alianguka kwetu akitoka povu. Mama mwenye nyumba alivuta watoto wote, akatupa kikombe yule mutoto alikuwa amenywea. Akasema: "Mate ya kifafa inaingia kwa mwingine. Kwangu hapana, hata kama ni wa tumbo langu." Nilikuwa nasimama pale na binti yangu mukononi.

Sasa kumekuja proje ya kusaidia wenye walikimbia vita kulipa nyumba. Wenye kuwa na mugonjwa ao kilema wanaongezewa miezi ya kulipiwa. Nilimueleza ajenti wao yote, nikalia. Akasema tunastahili. Nikafurahi sana. Kisha akaongeza:

"Lakini dada, feza tunapatia mwenye nyumba mwenyewe. Lazima tuongee naye kwanza, akubali kukaa na mugonjwa, asiwafukuze kisha tumelipa."

Nikamuomba asitaje kifafa. Akajibu kwamba yeye hatataja, lakini mama akimuuliza, hatamudanganya. Wanakuja juma ijayo.

Bwana yangu anasema tukatae, heri deni kuliko kulala inje. Lakini mama ametuvumilia sana, na watoto wake walifukuzwa masomoni juu ya kukosa minerval, feza ya masomo. Alishatuambia, akiangalia chini, kwamba tukikosa tena kulipa, atapangisha mwingine. Tukisema, tunatoka. Tukinyamaza, tunatoka.

Jana mama aliingia kwangu. "Binti, nasikia watu wa proje ya wagonjwa watakuja kuniona juu yako. Unaumwa, na unanificha?" Nikasema ni mugongo. Akaenda kupasha majani kwa moto, akanilaza kwa mukeka, akanikanda mugongo polepole kama mama yangu, na binti yangu amemuegemea kwa magoti. Nilitaka kumuambia pale pale. Nikasema tu aksanti.

Mimi bado niko na tumaini, juu anamupenda huyu mutoto kweli. Nimuambie mwenyewe mbele hawajafika, ao nimuombe muganga aongee naye kwanza? Na akishajua, atamubeba tena?

Mama zangu, dada zangu, munishauri. Wenye muko na mutoto kama wangu, siku mulimuambia mwenye nyumba, mulianza na neno gani?