Umwiza Anafuata Vitabu Vyake

Kama ulimuona mwanamuke anatembea haraka juu ya mawe ya volkano pale mutaani Murara, viatu mukononi, huyo ni mwalimu Umwiza. Ni binti wa kutoka kule Masisi. Mimi natembea sana, kazi ingine sina, kwa hiyo nilimuona mara nyingi.

Umwiza anasoma masta, digrii ya pili ya chuo kikuu, apate kutunza maktaba za shule. Ng'ombe za baba yake zote ziliishia ndani ya masomo ile. Ilibakia kitu kimoja tu: profesa wake aje shuleni, aone maktaba inatumika. Lakini vitabu vilikaa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo ulikaa shingoni mwa direktere, mukubwa wa shule, Papa Harelimana.

"Kitabu kisichofunguliwa hakichafuke," alikuwa anasema.

"Papa Direktere, kitabu si sahani ya wageni!"

Walibishana mpaka muzee akachoka, akatoa ufunguo. Siku ya Ijumaa watoto wakaenda nyumbani na vitabu, wavirudishe Jumatatu.

Jumatatu ile, risasi zilikuwa ndani ya muji. Nani angefungua shule? Watu wakakimbia, kila mutu na njia yake. Madarasa yalipofunguliwa tena, watoto wengi hawakuonekana, na vitabu pia. Papa Harelimana hakumucheka. Heri angecheka.

Kisha profesa akatuma neno: anakuja juma hii, na akikuta rafu tupu hatatia sahihi karatasi ya masta yake.

Ndiyo Umwiza akaanza kupiga hodi Murara yote. Vijana wakamuchokoza: "Mwalimu, umepoteza mbuzi?" Nyumba nyingi zilikuwa na kufuli. Kwenye nyumba moja mama akamuangalia sana.

"Mutoto mwenyewe sijamuona tangu siku ile. Wewe unaniuliza kitabu?"

Umwiza akakaa chini palepale, juu ya mawe.

Asubuhi ya kuja kwa profesa, akasikia kwamba mwanafunzi wake mumoja, mutoto anaitwa Mimi, yuko na mama yake kwenye bandari ya Kituku, wanahamia kisiwa cha Idjwi. Alikimbia, mimi nyuma yake na magoti yangu haya. Tukamukuta Mimi ndani ya boti, anasomea wadogo zake habari ya sungura.

"Mwalimu!" Mutoto akafurahi sana.

"Mimi, rudisha kitabu cha watu," mama yake akasema. "Sisi si wezi."

"Mama, hatujafika mwisho!"

Umwiza akanyosha mukono. Nilifikiri ataurudisha mutupu. Hakuurudisha, akakitwaa kitabu.

"Sungura anafika kwao," akamuambia mutoto haraka haraka, motere ikiwaka. Mutoto akageuza uso. Boti ikaondoka.

Profesa alifika saa sita. Vile vitabu vilivyopatikana havikujaza hata rafu moja. Akavigusa, akaangalia viti vitupu.

"Na wasomaji, Mama?"

Umwiza akaonyesha upande wa ziwa. Profesa akarudisha kalamu mufukoni.

"Utaanza tena mwaka ujao. Pole."

Jioni nilimukuta Umwiza Kituku na kile kitabu cha sungura, anauliza boti ya Idjwi, amurudishie mutoto.

"Iko kesho, ziwa likikubali," kijana wa boti akamujibu. "Lakini Idjwi ni kubwa, Mama. Unaenda upande gani, kaskazini ao kusini?"

Hakujua.